Mkwe Aliyesaga Kahawa ya Mama

Mama yangu alitembezwa makanisa kumi na moja ya Napoli kwa siku nne, na hakuna hata moja lililomsahaulisha kwamba kahawa yake ilikuwa imesagwa.

Nianze na kahawa, maana bila hiyo haya mengine ni matembezi tu. Sisi ni Wahaya wa Kagera tuliohamia Mwanza, na mama anaishi na mimi Ilemela, kwenye nyumba iliyopanda juu ya mawe mpaka wageni hufika wakiwa wameshika kiuno. Kwetu kahawa ya heshima hainywewi, inatafunwa. Inachumwa ikiwa mbichi, inachemshwa na majani ya kunukia, inaanikwa na maganda yake mpaka iwe kavu na nyeusi. Mgeni akiingia unamletea kwenye kijikapu. Wewe mwenyeji unatangulia kutia moja mdomoni, ili aone hujamwekea sumu, kisha unampa yake. Hapo ndipo salamu inakuwa salamu. Mengine yote ni kelele za mlangoni.

Mdogo wangu wa kiume alikwenda Napoli kusomea ufundi wa meli, akaishia kuoa. Alimwoa mtoto wa pekee wa mjane mmoja, mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Huyo mjane sisi tunamwita mkwe tu. Mwaka jana mdogo wangu alitulipia nauli mimi na mama twende kumwona mtoto wao, na usiku wa kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, mama alitoa kijikapu chake kutoka kwenye mkoba, amekifunga kwa kanga tatu.

Mkwe alinusa. Akapiga kelele ya furaha, akambusu mama mashavu yote mawili, akachukua kijikapu, akaenda nacho jikoni. Tukasikia mashine ya kusagia. Mama aliketi wima kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akiisikiliza mashine ikimaliza kahawa yake punje kwa punje, maganda na yote. Tuliletewa vikombe vidogo vya kitu cheusi chenye harufu ya majani yaliyoungua, tukanywa wote kwa adabu. Mdogo wangu akaninong'oneza nisiseme kitu, eti mkwe ataona aibu.

"Nimempa undugu," mama aliniambia tulipobaki wawili. "Amenisagia."

Baada ya hapo Napoli ingekuwa mbinguni kwenyewe, isingemfaa. Mkwe alitutembeza kwa miguu kana kwamba tunakwenda kuhiji. Ni mji mzuri, nakubali, mimi mwalimu wa historia siwezi kubisha. Kuta zimepandana, za kale zimebeba za kale zaidi, milango mirefu ya kupitisha twiga, vichochoro vyembamba vyenye nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Mama alitazama juu zile nguo, akasema, "Kumbe Mabatini yetu ya Mwanza ipo na huku." Chini ya kanisa moja tulikuta mafuvu ya watu yamepangwa kama nyanya sokoni, na mengine yanang'aa kwa kupanguswa na waumini. Mkwe alitueleza kwa mapenzi makubwa. Mama akapiga ishara ya msalaba, akamuuliza mdogo wangu kama hawa marehemu ndugu zao hawakuwa na shamba la kuwazikia. Pizza aliiita chapati iliyomwagikiwa mboga, ingawa alikula mbili.

Siku ya mwisho, nikiwa nimechoka kusifu mawe ya wenzangu, nilijikuta namwambia mkwe kwamba na sisi Mwanza tuna mji wa kale, tena mkubwa, na vyakula vyake, aje aone. Mdogo wangu alitafsiri akinitazama kwa jicho la huruma.

Nilisema vile kwa kiburi, lakini kulikuwa na sababu nyingine. Mdogo wangu alikuwa anataka kurudi. Meli zinatengenezwa siku hizi hapa ziwani, ufundi wake unahitajika, na mkewe yuko tayari kumfuata. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mkewe alisema hatamleta mtoto mahali ambapo mama yake hajapaona kwa macho yake na kupakubali. Mama yangu aliposikia hivyo, alisahau hata kukasirika. Tuliporudi alianza kujenga chumba nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi ambacho mimi nilikuwa nimekiwekea mpango wa banda la kuku. Mama amefika umri wa kuhesabu waliobaki, na mwanawe wa kiume ni mmoja. Alitaka amwone anaingia na kutoka, anakula, anaacha viatu mlangoni vibaya. Mimi nilitaka zaidi yake. Nimekuwa mtoto wa kike na wa kiume wa nyumba hii kwa miaka mingi, ni mimi napanda paani kuziba bati, na nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo mkwe alipotua Mwanza mwezi wa saba akiwa na mdogo wangu, kofia pana kichwani na viatu vya kutembelea, nilijua kazi yangu. Siku tatu za kumshawishi mwanamke mmoja. Kijikapu cha kahawa nilikificha nyuma ya madumu ya maji, yasije yakatokea yale ya Napoli.

Siku ya kwanza ilikuwa ya majengo. Tatizo la majengo ya kale ya Mwanza ni kwamba kila lenye ukale lina biashara mbele yake, na kila lisilo na biashara limebomolewa. Nilimpeleka kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, upande wa Makoroboi, yale yenye roshani za mbao juu na mwaka umeandikwa kwenye paji la ukuta. Mengine mwaka umefutika chini ya tangazo la mtandao wa simu, basi hapo nilijitungia. Nikawa naongeza miaka. Mdogo wangu alipotafsiri aliongeza na yake, maana nilimwona mkwe akivua kofia mbele ya ghala moja la sabuni.

Akasema anataka kuingia ndani. Nilitamani nimwambie ndani hakuna kitu, lakini alishaingia. Ndani kulikuwa na magodoro mpaka darini. Mwenye duka, mzee aliyekuwa anakula miwa, alisimama.

"Karibu mama. Ya inchi nane au kumi?"

"Tunaangalia jengo tu, shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jengo haliuzwi."

Mkwe alipapasa ukuta, akatazama boriti za juu, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akalipapasa godoro. Akalibonyeza kwa ngumi, akaligeuza, akauliza kitu, na kabla hatujaelewa alipanda juu yake na viatu vyake, akajinyoosha, akafumba macho. Mzee wa duka aliacha muwa hewani. Wateja wawili walisogea kuona kama mzungu amezirai. Mkwe alilala pale, mikono tumboni, halafu akafumbua macho akamwambia mdogo wangu maneno machache, na mdogo wangu akaanza kutabasamu mpaka masikioni.

"Anasema hili," akaniambia. "La binti yake. Anasema binti yake mgongo unamsumbua, alale kwenye hili."

Nilitaka kumbusu mzee wa duka. Tulilipakia kwenye guta, mkwe akalisindikiza kwa miguu mpaka barabarani akilishika pembe lisiinamie upande. Mama alipoliona linapanda mlima wetu mabegani mwa vijana wawili, aliingia chumba kipya, akafagia mara ya pili sakafu aliyofagia asubuhi.

Siku ya pili ilikuwa ya chakula, na hapo sikuhitaji kuongopa. Tulikula ufukweni, sato mzima wa kukaanga kwa kila mtu, ugali wa muhogo, kachumbari, pilipili. Mama alikubali kuja, amevaa gauni la kanisani na uso wa mahakamani. Nilikuwa na wasiwasi mkwe ataomba uma. Alinawa, akakunja mikono ya blauzi, akaenda moja kwa moja kwenye kichwa. Akala mashavu, akala jicho, akafyonza mifupa ya shingo na kuipanga pembeni mwa sahani, safi kama vijiti. Halafu akatazama kichwa cha samaki wangu, ambacho mimi huwa sikigusi, akanyoosha mkono akakichukua.

Mama aliacha kula. "Mwambie," alimwambia mdogo wangu, "kumbe kwao walimlea."

Hapo ndipo mama alipoanza kumtazama mkwe kama mtu.

Tulimpeleka Capri Point, kule kwenye nyumba za wenye nafasi. Mkwe aliuliza panaitwaje, akaambiwa, akaomba arudiwe. Dirisha la jikoni kwake Napoli hutazama kisiwa cha Capri chenyewe. Alicheka mpaka akakaa juu ya ukuta wa watu na mlinzi akaja kumwondoa. Kisha mama akasisitiza tumpeleke kuona daraja la Kigongo–Busisi, na tukaenda, mwendo wote ule, kwa sababu kwa mama hakuna jengo jingine Mwanza. Mkwe alitazama zile nguzo zilivyosimama majini, akauliza lina miaka mingapi. Akaambiwa ni jipya. Nikaona hamu ikimtoka.

"Mwambie," mama akasema, "cha kale tulichokuwa nacho hapa ni kusubiri kivuko. Nimesubiri hapa na mgonjwa, nimesubiri na maiti. Hicho tumekiacha, hatukiwekei kanisa."

Sijui mdogo wangu alitafsiri nini. Mkwe aliliangalia daraja upya, akapiga picha tatu.

Siku ya tatu, mchana, ilibaki kuaga. Nilikuwa nimepanga kuwapeleka hotelini kunywa kahawa ya mashine, ya povu, mkwe ajisikie nyumbani. Nilipotoka kubadili nguo nikamkuta mkwe ameketi jikoni kwetu. Lazima niseme kidogo kuhusu jiko letu. Wakati wa kujenga, kulikuwa na jiwe. Mafundi waliliwashia moto wiki mbili na kulimwagia maji ya baridi lipasuke, kama wanavyofanya wapasua kokoto, na jiwe halikujali. Mwisho ukuta ulizungushwa, jiwe likabaki nusu nje, nusu jikoni, kimo cha ng'ombe aliyelala. Mama huegemea mgongo wake hapo na huanikia kahawa juu yake. Mimi nililionea haya siku zote tatu, nimelifunika kwa kitambaa cha meza.

Mkwe alikuwa ameondoa kitambaa. Kiganja chake kilikuwa juu ya jiwe.

"Anauliza hili lina miaka mingapi," mdogo wangu alisema.

Siku tatu nilikuwa naigawa miaka bure kwa maghala ya sabuni. Sasa nimeulizwa swali la kweli. "Mwambie sijui," nikasema. "Mwambie tulilikuta." Mkwe alilipapasa kama alivyopapasa kuta za makanisa yake.

Ndipo mama akainama nyuma ya madumu ya maji na kutoa kijikapu. Kumbe siku zote alijua nilikokificha.

"Leo mwambie," alimwambia mwanawe. "Yote. Na ile mashine."

Mdogo wangu alijaribu kunitazama, nikageuka. Akaanza. Nilimwona mkwe akisikiliza, uso ukibadilika, mpaka alipofunika macho kwa mikono miwili. Alisema kitu nyuma ya vidole. "Anasema kwa nini hatukumwambia. Anasema aliwanywesha watu undugu kwa sukari." Mama alimshusha mikono. Akatia kahawa moja mdomoni, akatafuna akimtazama, akampa mkwe yake. Mkwe aliipokea kwa vidole viwili kama anavyopokea komunyo, na kwa kutaka kufuta makosa yake yote kwa mara moja, akaing'ata kwa nguvu.

Ikalia. Kilicholia hakikuwa kahawa.

Mkwe alitoa mdomoni meno ya bandia, kipande cha mbele kimekatika. Nikaona nauli, sato, godoro, daraja, vyote vinakwenda na lile jino. Mama aliyatazama yale meno kwenye kiganja cha mwenzake. Kisha akageuka kidogo, akaingiza kidole kinywani, akayatoa ya kwake, akayaweka mezani karibu na kijikapu. Sikuwa nimewahi kumwona mama bila meno. Padri anayempa komunyo hajawahi. Walitazamana, mashavu yameingia ndani, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mama akajishikilia kwenye jiwe.

Walipotulia, mkwe alijipangusa macho akasema maneno mengi kwa kithembe, na mdogo wangu alikuwa anayatafsiri huku anasimama, hawezi kukaa. "Anasema tuje. Mama, anasema tuje! Samaki mzuri, nyumba nzuri, godoro zuri. Anasema mtoto atakulia hapa na bibi yake."

Nilipiga kigelegele. Mama alipiga makofi mara mbili. Halafu akasimamisha mikono.

"Na yeye?"

"Yeye nini, mama?"

"Yeye atabaki na nani?"

Mdogo wangu alikuna shingo. "Mama, yeye kwao ni kwao."

"Muulize."

Akauliza. Mkwe alikuwa anazipanga kahawa mezani mstari mmoja, kama mifupa ya samaki jana yake. Alijibu bila kuinua kichwa, maneno mawili matatu.

"Anasema ana makanisa."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Mama alichagua kahawa moja kubwa, akaipasua ganda kwa ukucha. Ndani kila kahawa ina punje mbili, zimelala uso kwa uso. Zamani kwetu, watu wasio wa damu moja waliotaka kuwa ndugu walikula hizo mbili, huyu moja na huyu moja, na ukishakula huwezi tena kumfanyia mwenzako ubaya. Nilifundishwa hayo utotoni, na hufundisha kama mila zilizopita, na maswali ya mtihani juu yake nimetunga. Mama alitia punje moja kati ya ufizi na shavu. Ya pili akamtilia mkwe mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwambie sasa ni mdogo wangu," alisema. "Na simchukulii mdogo wangu mtoto wake mmoja. Mimi nina huyu." Akanielekezea kidevu. "Nyinyi mkae hukohuko."

"Mama, amekubali!"

"Nimemsikia. Aliyekataa ni mimi."

Mdogo wangu hakutafsiri. Alitoka nje, akasimama uani na mgongo wake kwetu, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Mkwe alinigeukia mimi, akisubiri. Mimi lugha yao najua salamu na bei ya nyanya. Basi mimi ndiye niliyelazimika kusema, tena kwa mikono, jambo ambalo sikulitaka hata kidogo. Nilimwonyesha mdogo wangu pale nje, nikaonyesha mbali, kule ndege zinakoelekea, nikamgusa yeye kifuani. Alielewa upesi. Akaweka paji la uso wake begani kwa mama na kukaa hivyo, na mama akawa anampigapiga mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunyonya.

Nilikasirika. Sitadanganya, nilikasirika wiki nzima, niliunguza maharage, niliwapa wanafunzi mazoezi ya adhabu. Siku tatu nimemshawishi mgeni akashawishika, na mama yangu mwenyewe akaharibu kwa punje moja ya kahawa. Na yale maneno, nina huyu. Nimeyasubiri maisha yangu yote, na yalipokuja, yalikuja na kazi ya kuziba bati.

Sasa kila Jumapili tunapiga simu ya video. Mama hamwulizi kwanza mwanawe. Huuliza, "Mdogo wangu amekula?" Mkwe hujitokeza kwenye kioo, huonyesha kahawa iliyo shavuni, huonyesha meno mapya, na mama huyatoa ya kwake kumwonyesha, mbele ya mjukuu anayepiga kelele. Kahawa mkwe hamsagii mtu tena, mdogo wangu anasema. Anawatafunisha hata majirani.

Chumba cha nyuma kipo. Nilipendekeza kuku, nikatazamwa. Nilipendekeza nichukue godoro, maana langu limebonyea katikati kama mtumbwi, nikatazamwa zaidi. Jumapili moja baada ya misa nilimtafuta mama nyumba nzima, nikamkuta kule. Amelala chali kwenye lile godoro, juu ya nailoni yake, mikono tumboni kama mkwe alivyolala dukani. Viatu vyake vya kanisani alikuwa amevipanga mlangoni vizuri.

"Mama, vipi?"

"Nalipima tu. Mkwe anajua magodoro."

Kila alipojigeuza nailoni ililia. Nikamwambia angojee niitoe, alale vizuri.

"Iache," akasema. "Litachafuka kabla mwenyewe hajaja."